Jibini Iliyofukizwa Udi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitu kilichooza nikaambiwa nikitunze kama yai. Naanzia hapo kwa sababu vijana wa siku hizi mkisikia mtu alikuwa mpishi wa Mzungu mnadhani alikuwa akikaanga mayai na kupanga vijiko tu. Mayai yalikuwepo, na vijiko pia. Lakini kazi yenyewe, ile iliyonitoa jasho, ilikuwa jibini.

Nyumba ilikuwa Chake, mlimani, na bwana wa nyumba alikuwa Bwana Shamba, yaani afisa wa kilimo, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu aliyekuja Pemba kuangalia maradhi ya mikarafuu. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mie nilitoka kwetu Wawi alfajiri, kwa miguu, na kanzu yangu nimeikunja kwapani isishike vumbi. Shule niliiona kwa nje. Chuoni nilisoma Msahafu nikahitimu, basi, huo ndio usomi wangu, na haya ninayoyaandika mjukuu wangu ananisahihishia herufi, maneno yamebaki yangu.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Faki, mtu wa Vitongoji, mnene, mpole, ana sauti ya kuadhini. Ndiye aliyenifundisha. Alinipeleka mbele ya friji, friji la mafuta ya taa, lina utambi chini kama jiko, nami nikacheka, maana sikuwahi kuona moto unaofanya baridi. Akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe, akakifungua. Ndani mlikuwa na kipande kinene, rangi ya pembe ya ndovu, na ndani yake mishipa ya buluu iliyokimbia huku na huku kama mishipa ya mkono wa mzee. Harufu ilinipiga.

"Mzee Faki," nikasema, "hii imeoza."

"Imeoza," akajibu, "lakini imeoza kwa ruhusa. Ukiikwangua hiyo buluu, leo hii hii utarudi Wawi."

Nieleze kidogo, maana wengi mnaijua jibini ile ya pembetatu ya dukani, ambayo haina tabia yoyote. Hii ya buluu ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi, kisha yakatobolewa kwa masindano marefu ili hewa iingie. Hewa ikiingia, ukungu unaota ndani kwa ndani, na ukungu huo ndio utamu. Bwana Shamba, kwa kuwa kazi yake mimea, alikuwa akisema jibini ni shamba dogo. "Kombo, hapa tumepanda," ananiambia, anaonyesha mshipa wa buluu kwa ncha ya kisu. "Lazima mkulima ajue siku ya kuvuna."

Na mie kwanza nilikuwa na wasiwasi wa dini, sitaficha. Nilikwenda kwa maalim wangu nikamwuliza kama kitu kile kinalika. Akaniuliza kina nguruwe? Hakina. Kina pombe? Hakina. Akanusa vidole vyangu, akakunja uso, akasema, "Halali, Kombo. Lakini si kila halali ina harufu nzuri." Basi nikatulia.

Kuonja kuna adabu yake. Kwanza jibini haiendi mezani na baridi yake. Unaitoa kwenye friji alasiri, unaivua kitambaa, unaifunika kawa, kawa letu hili hili la ukili tunalofunikia sahani, ili ipumue na nzi wasiiguse. Ikianza kutoa jasho kidogo, iko tayari. Kisha unaiangalia: ikiwa nyeupe ya pembe, nzuri, ikigeuka rangi ya udongo, imechoka. Kisha unainusa. Inatakiwa inuke kama ghala lililonyeshewa, na maziwa ya mgando kwa mbali. Ukisikia harufu kali ya kupanda machoni, ile ya zizi la mbuzi, imekufa, izikeni. Kisha unachukua punje baina ya vidole viwili. Inavunjika, halafu inayeyuka. Ndipo unaiweka ulimini.

"Usitafune kama muwa," Bwana Shamba alikuwa akinionya. "Ibane juu ya ulimi. Ngoja. Toa pumzi puani."

Ukifanya hivyo inakuja chumvi kwanza. Halafu inakuja kuchoma, kama umelamba jani la mdalasini bichi. Halafu, ukiwa na subira, unakuja utamu wa mafuta, laini, kama tui la kwanza. Na ukishameza, kooni inabaki. Bwana alikuwa akisisitiza hapo: "Jibini haisemi neno lake la mwisho mpaka umeimeza." Mzungu yule alikuwa mkali kwa kila kitu, lakini kwa jibini alikuwa mwalimu. Alinionjesha kila kipande kilichoshuka bandarini Wesha kwa meli, mpaka ulimi wangu ukawa unajua. Mwisho wake hata nikawa naipenda, na nyumbani mke wangu Mize akawa ananiambia nikapige mswaki kabla sijamsogelea.

Sasa nirudi kwa Mzee Faki, maana bila yeye hamtaelewa nilichoogopa baadaye.

Ijumaa moja palikuwa na wageni wa mchana. Chakula kilichelewa kwa sababu ya wageni wenyewe, walikuwa wakinywa barazani hawataki kuingia. Adhana ilipolia Mzee Faki alivua aproni, akaniambia, "Kombo, mchuzi uko tayari, wewe pakua," akaenda zake msikitini. Aliporudi Bwana Shamba alikuwa amesimama mlango wa jikoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Ijumaa, Bwana."

"Wageni wako mezani."

"Na Mungu yuko msikitini, Bwana, naye alinialika kabla yao."

Lilikuwa jibu zuri, nalisema mpaka leo. Lakini Bwana Shamba hakulipenda. "Leo ni mwisho," akasema, hakupandisha hata sauti. Mzee Faki akakusanya visu vyake, vilikuwa vyake mwenyewe, akavifunga kwenye kitambaa, akanipa mkono akaondoka. Kazi yake nikapewa mie. Nilifurahi na niliona haya, vyote siku moja. Tangu hapo nilijua: katika nyumba ile palikuwa na mstari, na mstari wenyewe ulipita baina ya meza ya Bwana na mswala wangu.

Ramadhani iliyofuata iliangukia kaskazi, jua la kupasua vichwa. Memsabu, mke wa Bwana, alikuwa kwao Ulaya. Bwana Shamba akaniita asubuhi moja, pua imemwiva, macho yanatoka maji. Alikuwa na mafua, si mafua ya kuchezea. "Kombo," akasema kwa sauti ya puani, "Bwana Mkubwa wa Idara anakuja kutoka Unguja. Atakula hapa." Huyo ndiye mkubwa wa kazi yao yote ya kilimo, mzee ambaye neno lake ndilo lililokuwa likimwambia Bwana Shamba abaki Pemba au ahamishwe. Na Bwana alitaka kubaki. Alikuwa na miche yake ya mikarafuu aliyoipanda huko mashamba, alikuwa akiizungumza kama watoto. "Bwana Mkubwa ametoka upande wa kwetu ambako jibini hii hutengenezwa. Atakula vyote, lakini jibini ndiyo atakayoikumbuka. Mimi pua yangu imekufa. Ulimi wangu umekufa. Utaonja wewe."

"Sawa, Bwana," nikasema. Sikufikiri.

Alasiri ya siku yenyewe nikafungua friji kuitoa. Kabla sijaigusa nikasikia harufu. Si ghala, si maziwa. Udi!

Nikasimama hapo, mlango wa friji wazi, baridi inanipiga kifuani. Nikakiinua kile kifurushi nikakinusa. Udi mtupu, ule mzuri, wa harusi. Nikajua mara moja. Vitambaa vya jibini hatukumpa dobi, maana dobi alikuwa akitia wanga na buluu yake. Nilikuwa nampelekea Mize, anavifua kwa maji matupu. Na juzi nilipokuwa nafuturu kwa uji nilimwambia kwamba anakuja mgeni mkubwa wa Bwana. Yeye akafanya kama mwanamke yeyote wa kwetu aliyelelewa: mgeni anakuja, nguo ya mgeni inafukizwa. Akatia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akafunika tenga, akatandaza vitambaa juu ya tenga. Mie nikavichukua asubuhi, na uchovu wa kufunga kwangu Ramadhani, kichwa kizito, nikaifungia jibini. Nguo zangu zote mwezi ule zilinuka udi, ningesikiaje? Na jibini, vijana, ni kama mwari, kila anachokisikia anakishika.

Bwana Shamba akaingia na leso puani. "Ipo tayari?"

"Nimeitoa sasa hivi, Bwana."

"Onja."

Sasa sheria ya dini inampa mpishi nafasi. Aliyefunga akiwa na haja ya kuonja, anagusa kwa ncha ya ulimi, anatema, anasukutua, funga yake salama. Nikafanya hivyo. Chumvi ipo. Kuchoma kupo. Nikatema nje dirishani, nikasukutua.

"Basi?"

"Chumvi yake nzuri, Bwana. Lakini kuna harufu ngeni."

"Harufu gani?"

Nikapangusa kisu. Nikiutaja udi, namtaja Mize.

"Imeingia ndani au iko juu tu?"

"Siwezi kujua, Bwana, mpaka nimeze. Ile inakaa kooni."

"Basi meza."

Jikoni palikuwa na inzi mmoja, nakumbuka, anapigapiga kioo. Nikasema, "Nimefunga, Bwana."

Akaitoa leso puani. Akaniangalia. "Wewe pia?" akasema.

Alikuwa anamkusudia Mzee Faki. Nami nikamwona Mzee Faki pale pale mlangoni, na visu vyake kitambaani. Nikawaza nyumbani: Mize ana mimba ya kwanza, mamangu mzee, nami baada ya nyumba ile sina pa kwenda ila kupanda mikarafuu ya watu, na kichwa changu cha kizunguzungu hakipandi mti. Meza punje moja tu, Kombo, nikajiambia. Punje moja, utalipa funga ya siku moja. Nani atajua? Na ulimi, nisiwadanganye, ulikuwa umeshaamka kwa ile chumvi, unataka.

"Bwana," nikasema, "jua likitua nitameza. Ukitaka kabla ya hapo, niondoshe."

Akatazama saa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: akavuta kibao changu cha mbuzi, hiki cha kukunia nazi, akakaa juu yake, magoti yamefika masikioni, meno ya mbuzi yako mbele yake. Akakaa. Mie nikaendelea na kazi, nikasonga viazi, nikageuza kuku, kila nikipita nampita yeye. Jua nalo siku ile lilikuwa limepigwa msumari. Anapenga kamasi, anaangalia saa. Mara moja tu alinena.

"Mnajuaje kama limetua kweli?"

"Tunaadhiniwa, Bwana."

"Na mwadhini akikosea?"

"Dhambi yake, Bwana. Mie nitakuwa nimeshashiba."

Sikuona kama alicheka, leso ilimfunika.

Adhana ya magharibi ikapanda kutoka bondeni. Nikala tende, nikanywa maji, nikasema bismillahi tena, kisha nikachukua punje ya jibini mbele yake nikaibana ulimini. Nikangoja. Nikatoa pumzi puani. Chumvi. Kuchoma. Tui la kwanza. Nikameza, na kooni ukapanda udi, taratibu, kama mtu anayeingia chumbani na nguo mpya.

"Imekomaa, Bwana," nikasema. "Haijafa. Lakini imeingia udi."

"Udi ni nini?"

"Ni kipande cha mti wa kuchoma, kina manukato. Nguo zinafukizwa kwa moshi wake."

"Nani aliyefukiza jibini?"

"Vitambaa, Bwana."

"Nimekuuliza nani."

Kuna pahala uongo unakuja wenyewe, unakaa mdomoni kama mate. Nilimtazama amekaa juu ya mbuzi yangu, mgonjwa, amenisubiri jua. Nikasema, "Mke wangu. Alisikia una mgeni. Alitaka kumheshimu."

Akainuka, magoti yakalia. "Kata pembeni pote. Iweke kwenye upepo," akasema, akatoka.

Mezani nilihudumu mie mwenyewe. Bwana Mkubwa alikuwa mzee mfupi, mikono minene, anakula kwa kupenda. Walizungumza Kizungu, mie Kizungu cha mezani nilikuwa nakijua, cha ofisini hakinihusu. Jibini ikaingia mwisho juu ya kibao. Bwana Mkubwa akaikata vizuri, kutoka kati mpaka pembeni, nikajua huyu ni wa kwao. Akaitia mdomoni. Hakutafuna kama muwa. Akangoja. Akameza. Halafu akaweka kisu chini.

"Hii imefanywa nini?"

Nilikuwa nyuma ya kiti chake na sahani mkononi. Nilikuwa nimeshaamua. Nilifungua mdomo niseme "mimi", na pumzi nimeshaivuta.

"Nimeagiza mwenyewe," akasema Bwana Shamba. "Watu wa hapa mgeni wa heshima wanamfukizia udi. Na wewe ni mgeni wangu."

Bwana Mkubwa akamwangalia muda. "Umeharibu kitu kizuri," akasema.

"Huenda."

Nikasikia taa ya karabai inavyovuma. Kisha yule mzee akakichukua kisu tena, akakata kipande cha pili, kidogo kuliko cha kwanza, akakila macho amefumba. Hakusifu. Wala hakulaumu tena. Akauliza habari za mikarafuu.

Asubuhi Bwana Shamba aliniambia, "Vitambaa vya jibini vifuliwe hapa hapa." Akafika mlangoni akarudi. "Mashati yangu," akasema, "yapeleke kwako, kwa mkeo."

Nikaona huo ndio wakati. Nikamwuliza habari ya Mzee Faki, kama anaweza kurudi, hata kwa kazi ndogo. Akasema, "Hilo limekwisha." Kwa hiyo mkiniuliza alikuwa mtu mzuri au mbaya, mie sina jibu la neno moja. Mtu aliyenisubiria jua ndiye huyo huyo aliyemfukuza mwenzangu kwa ajili ya Ijumaa. Vyote viwili nilivionja, na vyote vimebaki kooni. Mzee Faki nilimpelekea kipande cha ile jibini Vitongoji. Akanusa, akaniambia, "Mmeipeleka harusini?" tukacheka mpaka akashika ubavu.

Mize nilipomweleza hakuona kosa. "Kwani hiyo jibini yenu," akasema, "ndiyo pekee isiyotaka heshima?"

"Inatakiwa ibaki na harufu yake, mwanamke."

"Harufu ile? Yakhe, mie niliionea huruma."

Bwana Shamba alihamishwa bara muda si mrefu, miche yake akaiacha. Kama ni kwa udi au ni kwa mikarafuu, au walimbadilisha tu kama wanavyobadilisha watu, sijui. Mie nikapelekwa nyumba ya wageni ya serikali Wete, kwa msimamizi mmoja aliyekuwa akihesabu hata vibiriti, na huko jibini ikawa ya kopo. Mambo yakageuka, Wazungu wakaondoka, nikaingia jiko la hospitali hapa Chake, nikapika uji wa wagonjwa mpaka nikastaafu. Uji una adabu yake pia, msiudharau. Mgonjwa akirudisha bakuli nusu, mpishi hajalala.

Wakiniuliza vijana ni nini nilichobaki nacho katika kazi yote ile, nawaambia ulimi. Visu vimekufa, aproni imekuwa matambara, lakini ulimi uliofundishwa haustaafu. Na nimejifunza kungoja kabla ya kusema kitu ni kizuri au kibaya, mpaka nimekimeza.

Mwaka jana binti yetu, yule yule aliyekuwa tumboni mwa Mize Ramadhani ile, alirudi kutoka Maskati na jibini ya buluu kwenye kisanduku, imefungwa karatasi ya fedha. Nikaitoa alasiri, nikaifunika kawa. Ilipotoa jasho nikakaa nayo barazani, nikakata punje, nikaibana ulimini. Chumvi ilikuwepo. Kuchoma kulikuwepo. Tui la kwanza likaja, jema kabisa, jibini safi isiyo na kasoro. Nikameza, nikangoja.

"Vipi, mzee?" Mize akauliza kutoka ndani. Siku hizi haoni vizuri, lakini masikio yake mazima.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana. Lakini imepungua kitu."

Nikasikia anapapasa rafu, chetezo kinagonga ukuta, kisha anapuliza makaa.